Jogoo Asiye na Jicho

Sehemu ya sita

Kwa wale mliokuwa mmelala wiki zote hizi, mimi ndiye yule fundi wa meno bandia. Daktari anang'oa mbele, mimi natengeneza ya kuziba pengo chumba cha nyuma. Kazi ya heshima kabisa, mpaka jirani mmoja mwenye mdomo mwepesi aliponinong'oneza kwamba kwenye minada ya mtandaoni watu wanauza sarafu adimu bila kujua wanauza nini. Mtu anaandika "kipande cha bati", kumbe ni sarafu ya bei ya gari. Wewe kazi yako ni kuwa na macho tu.

Macho ninayo. Akili ndiyo iliyokwenda likizo.

Mnakumbuka nilinunua "fedha safi" ikaruka yenyewe kwenda kunasa kwenye sumaku. Mnakumbuka "dhahabu ya kale" ambayo mwanangu aliimenya, akala chokoleti iliyokuwa ndani. Na mnakumbuka kwamba mke wangu, ambaye ni mwalimu wa udereva na hajui kuzungumza ila kwa amri, alisimama mbele ya ndugu wa pande zote mbili akasema: "Ukinunua sarafu nyingine hata moja, ndoa hii mimi nashukia hapo hapo."

Nikaapa. Nikatoa na machozi kidogo, ili wajue siapi kwa mzaha.

Kisha nikanunua nyingine.

Msinitukane kabla sijawaeleza. Muuzaji alijiita Ua la Jioni. Tangazo lake lilisema: "Kishikizo cha koti la kiume, cha zamani, kizito." Nusu ya picha ilikuwa kidole chake mwenyewe. Lakini ile nusu nyingine, jamani! Jogoo. Na kichwa cha jogoo hakikuwa na jicho.

Wenye ugonjwa huu wangu wanamjua. Waliotengeneza sarafu hiyo walisahau kumchonga jicho, zikatoka chache, kosa likaonekana, mashine ikazimwa. Jogoo mwenye jicho hana maana, unaweza kumpa mtoto achezee. Asiye na jicho anakujengea nyumba.

Nikamwandikia muuzaji ujumbe wa kumlainisha: "Mrembo wangu, kishikizo kimoja hakina soko, ila kwa ajili yako naweza kukichukua leo leo."

Akanijibu: "Weka dau kama wenzako."

Mwenzangu alikuwa mmoja tu, mtu aliyejiita Chui Mpole. Tulipandishiana kidogo, akachoka. Nikashinda kwa bei ya soda na nauli. Nilipiga kelele mpaka meno ya mteja yakanidondoka mkononi, yakapata ufa, nikayaanza upya. Hapo ndipo tulipoachana wiki jana.

Sasa sikilizeni nilivyoumbuka.

Katika mnada ule muuzaji haoni jina lako la kweli wala anwani, nawe huoni lake. Wenye mnada ndio wanaochukua mzigo kwake na kukuletea. Nilitoa anwani ya kliniki, maana nyumbani kuna mke. Mzigo ulikuja jana nikiwa nimetoka kupeleka meno kwa mteja asiyeweza kutembea. Daktari akaupokea. Leo asubuhi, akiwa na begi lake anakwenda semina, ndipo akanikabidhi.

"Humu mna nini, fundi? Mbona kizito?"

"Vishikizo tu, daktari."

"Vishikizo!" Akacheka kwa furaha, akanipigapiga begani, akaondoka.

Nilijifungia chumba changu cha nyuma. Nikachana bahasha. Jogoo huyu hapa kiganjani, shingo juu, na mahali pa jicho pametulia, hapana hata mkwaruzo. Nikambusu. Ndiyo, nilimbusu jogoo wa chuma, na nikaona ananielewa.

"Fungua!"

Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Nikamtumbukiza jogoo kwenye mfuko wa koti la kazi, nikafungua. Mke wangu aliingia akimvuta mama yake mkono.

"Mama amevunja meno yake. Mtengenezee mengine. Kaa mama, hapo. Wewe, usimtembeze. Nina mwanafunzi kwenye gari na injini inawaka, akikanyaga kitu chochote tumekwisha. Nakuja kumchukua nikimaliza." Akatoka. Mlango ukajifunga wenyewe kwa woga.

Nikabaki na mama mkwe.

Ni mwanamke mfupi, mjane, mwenye macho yanayokukagua kuanzia viatuni. Alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Ana meno bandia ya miaka na miaka, na yalikuwa vipande viwili kwenye mkoba wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Daktari yuko wapi?"

"Ameenda semina. Lakini chapa ya kinywa naweza kuichukua mwenyewe."

Leso ikashuka kidogo kwa mshtuko. "Wewe? Unitie vidole mdomoni? Mkwe wangu?"

"Nitatazama pembeni, mama."

"Ukitazama pembeni utanitia puani."

Nikaanza kupima unga. Ni unga wa rangi ya waridi, unakoroga na maji, unaujaza kwenye trei, trei inaingia mdomoni, uji unaganda, unatoa chapa ya ufizi wote. Nikamwambia asihofu, na kwamba meno haya ni zawadi yangu.

"Sitaki zawadi. Nikila kwa meno yako ya bure, nitapata wapi mdomo wa kukusema?" Akakaa vizuri kwenye kiti. "Nitalipa. Nimeingia kwenye biashara."

"Biashara gani, mama?"

"Nauza vitu vya marehemu mtandaoni. Suruali zake, redio yake, saa yake mbovu. Mke wako hajui, nawe usimwambie, ataniletea foleni ya maswali. Huko nimejipa jina. Usicheke."

"Sicheki mama."

"Ua la Jioni."

Nilikuwa nimeshika jagi la maji. Sehemu kubwa ya maji ilikwenda kwenye viatu vyangu.

"Mbona unamwaga?"

"Mkono umeteleza, mama. Jina zuri."

"Jina zuri, lakini nimeibiwa nalo." Sauti yake ikabadilika. "Baba mkwe wako, siku zake za mwisho, aliniita akaniambia: 'Siku ukikwama kabisa, uza kishikizo cha juu cha koti langu jeusi.' Nikadhani ni homa inayosema. Kishikizo! Nani anakwama akauza kishikizo? Lakini meno yalipovunjika nikakumbuka maneno yake. Nikasema huyu mtu hakuwahi kunidanganya. Nikakikata, nikakipiga picha, nikaandika kishikizo, maana yeye mwenyewe alisema kishikizo. Nikauza kishikizo."

Akaifinyangafinyanga leso.

"Jana akaniandikia mtu mmoja aliyeshindwa kwenye mnada, Chui Mpole. Akaniambia bibi, umelizwa. Ile ni sarafu, ina bei ya kujenga. Na aliyeinunua alijua, kwa sababu watu wa namna hiyo wanakesha wakitafuta wasiojua. Marehemu aliificha kwenye koti ili ndugu zake wasiinyakue, nami nimeitoa kwa bei ya soda."

Mfukoni mwangu jogoo alikuwa amelala juu ya funguo, na mimi nilikuwa nimesimama na kijiko cha unga mbele ya mwenye mali.

"Sasa wewe unajua haya mambo ya mtandao," akasema. "Nitafutie huyo mbwa. Anajiita Jicho la Tai."

Mwanaume kamili angesema hapo hapo. Angepiga goti, angetoa sarafu, angepigwa kofi lake akamaliza. Mimi nikaona sura ya mke wangu, nikaona masanduku yakiteremshwa kabatini, nikaona wanangu wakinipungia mkono kwenye dirisha la gari la mafunzo. Nikasema, "Huyo mtu atapatikana, mama. Fungua mdomo."

Maana nilikuwa nimepata ujanja. Nimjaze trei mdomoni, asiweze kusema. Uji ukiganda, mimi nijifanye natafuta kitu kabatini, nimwandikie kama Jicho la Tai kwamba nimetubu, sarafu inarudi kwa njia ile ile ya mnada. Jioni naipeleka. Mama anapata mali yake, mimi nabaki na ndoa yangu, hakuna aliyemjua mwenzake. Na zaidi ya hapo, mama mkwe amekaa kimya. Kuna wanaume wangelipia huduma hiyo.

Nikakoroga. Nikatia trei. Macho yakamtoka, akapumua kwa pua. Nikageukia kabati, simu tumboni, vidole vikikimbia. Nikatuma, nikaitumbukiza mfukoni.

Tingʼ. Simu yake ikalia.

Akaitazama. Miwani yake ilikuwa mkobani. Akaninyooshea simu kwa ishara ya kwamba nisome. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nikasoma kwa sauti: "'Mama mheshimiwa, nimegundua kwamba kishikizo ulichoniuzia ni sarafu ya thamani. Dhamiri inanisuta. Nitairudisha kwako bila kudai chochote. Jicho la Tai.'" Nikajifuta jasho. "Umeona mama? Kumbe ni mtu mzuri."

Mama mkwe akanyakua penseli yangu na bahasha moja ya picha za eksirei, akaandika kwa herufi kubwa:

MJIBU. MWAMBIE NI MBWA.

"Mama, anarudisha."

Akafuta. MBWA ANA FAIDA. ANDIKA PANYA.

Nikaandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye simu ya mama mkwe: "Panya wewe." Nikatuma. Mfuko wangu ukatetemeka. Nikajitukana na nikayapokea.

Akaandika tena: KUMBE ANAJUA NENO MAMA. MWANZO ALINIITAJE? PANDISHA JUU USOME.

"Si lazima, mama. Yaliyopita..."

Akagonga penseli mezani. Nikapandisha juu. Nikaona maneno yangu. Niliomba umeme ukatike, jengo liwake moto, chochote.

KWA SAUTI.

"'Mrembo...'"

Akagonga tena.

"'Mrembo wangu,'" nikamwambia mama mkwe wangu, uso kwa uso, "'ila kwa ajili yako naweza kukichukua leo leo.'"

Aibu ile sitaisahau. Masikio yaliniwaka moto mpaka nikahisi nywele zinaungua. Yeye akatikisa kichwa kwa masikitiko, trei ikitikisika naye, akaandika: ANA MAMA MKWE HUYU KWELI?

"Sijui, mama."

MWAMBIE ALETE KWA MKONO. HAPA. LEO. NATAKA KUMWONA SURA.

Nikaandika. Nikatuma. Mfuko ukatetemeka. Nikageukia kabati, nikajibu kama Tai kwamba niko mbali, niko safarini, daraja limekatika. Tingʼ. Nikamsomea. Akaandika: DARAJA GANI? Nikatuma. Mfuko ukatetemeka.

Hapo mama mkwe hakuandika kitu. Alitazama mfuko wangu. Akaitazama simu yake. Akachukua simu kutoka mkononi mwangu, akaisogeza puani kabisa kwa kukosa miwani, akabonyeza kitu kimoja. Akatuma.

Mfuko wangu ukatetemeka.

Akabonyeza tena. Mfuko ukatetemeka tena. Alifanya hivyo mara kadhaa kwa utulivu mkubwa, huku akinitazama usoni, na kila akigusa kule, mimi natetemeka huku.

"Mteja," nikasema. "Ni msumbufu sana."

Uji ulikuwa umeganda. Sikuwa na namna, nikaitoa trei. Ilitoka chapa safi, ufizi wote, kila mkunjo. Kama ingekuwa siku nyingine ningejisifu. Mama mkwe akajifuta midomo taratibu, akaikunja leso, akaiweka magotini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila leso na bila meno. Alionekana mdogo, na mwenye miaka mingi zaidi.

Nilijiandaa kwa matusi. Hayakuja.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyo mwanao wa mwisho, juzi aliniuliza, 'Bibi, kwa nini siku hizi hucheki?' Nikamwambia ninacheka kwa ndani. Akaniambia, 'Basi fungua nione.'" Akatabasamu na mdomo umefungwa. "Mimi sikutaka utajiri, baba. Nilitaka nicheke bila leso. Na kikibaki kidogo nizibe paa langu, nisije kuhamia kwenu nikawa mzigo. Marehemu alinifikiria mpaka kwenye kishikizo. Mtu alipokichukua, si kwamba amenipunja fedha. Amenifanya nionekane nilimdharau mume wangu."

Nilijisikia mchafu. Nasema hivyo hivyo bila kupamba: mchafu. Nilikuwa nimewacheka wauzaji wajinga kwa miezi, nikiwaita mafala, nikishangilia kila mtu aliyeandika kitu kwa makosa. Sikuwahi kufikiria kwamba huyo mtu ana sebule, ana paa linalovuja, ana mjukuu anayemuuliza maswali. Tena mjukuu mwenyewe mwanangu.

Nikatia mkono mfukoni. Nikatoa sarafu, nikaiweka juu ya leso magotini mwake.

"Jicho la Tai ni mimi, mama. Nisamehe."

"Tai gani?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Siku zote anaingia kwa kelele. Leo aliingia kimya.

Nikamwambia. Ningefanyaje? Nilianza na kishikizo, nikapita kwenye mnada, nikalirudia hata lile neno "mrembo" kwa sababu mama yake alinikazia macho nilipotaka kuliruka. Mke wangu alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu tuoane. Nilipomaliza akavuta pumzi.

"Umemlaghai mama yangu."

"Sikujua ni yeye."

"Kwa hiyo ulidhani ni mama wa mtu mwingine. Hapo ni sawa."

Nikainamisha kichwa. "Lakini nimeirudisha. Hiyo hapo. Nimeirudisha kabla ya kulazimishwa, na huo ndio ukweli."

Nadhani ningepona. Niliona mabega yake yakishuka kidogo, kama mtu aliyeanza kutafuta gia ya kurudi nyuma. Ingekuwa ugomvi wa wiki, labda mwezi, nilale kwenye kochi, nile chakula kilichopoa, kisha yaishe. Lakini mama mkwe alikuwa ameichukua sarafu. Aliigeuza. Akaigeuza tena. Akapitisha kidole gumba nyuma yake.

"Hiki sicho," akasema.

"Sicho nini, mama?"

"Sicho kishikizo changu." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta samani za wengine. "Marehemu alichomelea kijipete nyuma, mimi nikakishona kwenye koti kwa mikono yangu. Hiki ni laini nyuma. Pa kupitishia uzi pako wapi?"

Mimi mtaalamu, mimi mwenye macho, nilikuwa nimebusu kitu hicho asubuhi nzima. Wala sikujiuliza hata mara moja ni kishikizo gani kisichokuwa na pa kupitishia uzi.

"Amekibandua hicho kijipete," mke wangu akasema.

"Hapajabanduliwa kitu, mwanangu. Shika. Panateleza."

Mke wangu akashika. Kisha akaniangalia, halafu akaangalia rafu zangu, moja baada ya nyingine. Meno ya juu. Meno ya chini. Meno ya dhahabu ya tajiri mmoja mwenye mabasi, ambayo hata mkewe hajui kwamba si yake. Zote kazi za mikono yangu.

"Mama," akasema taratibu, "huyu kazi yake ni nini? Anatengeneza bandia. Analipwa kwa kutengeneza bandia ambazo mtu hawezi kuzijua. Ameificha ya baba, amekutengenezea hii, kisha akatubu."

"Si kweli!" Nilipiga kelele mpaka mwanafunzi wake kule nje akapiga honi. "Nipe hiyo sarafu. Nipe niiangalie!"

Nikaiweka chini ya lenzi yangu ya kazini. Safari hii sikumtazama jogoo. Niliangalia ukingo, mahali ambapo mtu aliyepagawa na tamaa haangalii.

Ukimimina chuma kwenye umbo, kinapitia kwenye mrija mwembamba. Kikipoa unaukata mrija, unapiga tupa, unang'arisha. Lakini panabaki kialama kidogo ambapo ulikatwa, na anayekiona ni yule tu ambaye kazi yake ni kukata mirija hiyo. Mimi nimeikata maisha yangu yote. Kialama kilikuwa pale ukingoni. Na rangi ya chuma chenyewe, ukiitazama vizuri, ilikuwa ya ule mchanganyiko tunaotengenezea meno ya nyuma. Uko kwenye kopo juu ya rafu yangu ya pili.

"Umeona nini?" mke wangu akauliza.

Ningeweza kusema sijaona kitu. Ulimi ulikuwa tayari, unajua njia, umezoea. Lakini mama mkwe alikuwa ananitazama bila leso, na sikuweza.

"Ni bandia," nikasema. "Na imemiminwa humu ndani. Kwenye tanuri hili."

"Nani anatumia hilo tanuri?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna. Daktari hata kuliwasha hajui."

Nikajisikia nikiyasema. Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze nilikuwa nimesema kweli tupu, mwanzo mpaka mwisho, na kila neno lilikuwa linanifunga mikono.

Mama mkwe akasimama. Akaichukua leso, akajiziba mdomo.

"Nilikuaminia kinywa changu, baba," akasema kupitia leso.

Mke wangu akamshika mkono. Mlangoni akageuka, na alipozungumza hakuwa anatoa amri. Afadhali angetoa amri.

"Sarafu ya baba irudi mkononi mwa mama. Mpaka hapo, usije nyumbani. Watoto nitawaambia uko kazini."

Nikawasikia wakitoka. Nikasikia gari la mafunzo likiruka, likizimika, likiruka tena, na sauti ya mke wangu ikimwambia mwanafunzi pole pole tu, usiogope. Kwangu haijawahi kuwa na upole huo.

Nilikaa. Nikataka kulia, safari hii bila kujilazimisha, na nikalia. Kisha nikaona ile trei. Chapa ya waridi haisubiri majonzi ya mtu. Ukiichelewesha inasinyaa, na meno yatakayotoka hapo hayatamkaa. Nikainuka, nikakoroga plasta, nikaimimina kwenye ufizi wa mama mkwe huku machozi yakinidondokea kwenye bakuli. Chochote nilichoharibu, meno yake yangemkaa.

Simu ikalia. Daktari.

"Fundi, habari za huko? Semina huku moto. Sikiliza, nimesahau kukwambia kitu. Leo usilifungue tanuri."

"Kwa nini, daktari?"

"Nimeacha kazi yangu ndogo humo. Lisiguswe mpaka nirudi."

"Kazi yako? Kwenye tanuri?"

"Ndogo tu." Akacheka, kwa furaha ile ile ya asubuhi. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

Nikakata simu. Nikakumbuka bahasha yangu ililala kwa nani jana. Nikavuka chumba, nikaweka kiganja kwenye mlango wa tanuri. Lilikuwa bado na joto.

Nikalifungua.